Jino la Pembe na Kofia ya Jino

Ndugu msomaji, wazee wetu walisema: "Jino la pembe si dawa ya pengo." Walisema kweli, kwani lililong'oka halirudi. Lakini mara ngapi pengo tunalileta wenyewe, ilhali mzizi ungali mzima?

Nilikuwa Tunduma, mkoani Songwe, mpakani na Zambia, kwa biashara ya nafaka. Mwenyeji wangu, kijana dereva wa lori, alikuwa na gego lililomeguka nusu, na kila tonge hushika shavu. Akaniambia, "Mzee wangu, kesho nakwenda kuling'oa, nipumzike." Nikamshauri kwanza aonwe na daktari wa meno. Akaenda, akaambiwa mzizi wafaa kutibiwa, kisha jino livikwe kofia.

Kofia hiyo ni nini? Daktari huondoa uozo, na ikiwa ndani ya jino pamekufa, husafisha mzizi na kuuziba. Kisha hulichonga jino pande zote, huchukua chapa ya umbo lake, na kofia ya madini au ya kauri hutengenezwa na kugandishwa juu yake. Hapo jino huwa limekumbatiwa, lisipasuke kwa kutafuna. Kofia yenyewe haiozi, bali jino huweza kuoza pale ukingoni penye ufizi. Kwa hiyo mswaki haukomi.

Kijana akaniuliza, "Na ya dhahabu je?" Sikustaajabu, kwani Songwe ni nchi ya dhahabu, huchimbwa pande za Mkwajuni na Saza.

Nikamjibu kuwa dhahabu ni haramu kwa mwanamume kuwa pambo. Lakini Abu Daud na Tirmidhi wamepokea habari ya Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab, zama za ujahili. Alitia pua ya fedha, ikanuka, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru atie ya dhahabu. Kwa habari hiyo wanazuoni wameruhusu meno ya dhahabu penye haja. Kauri ikitosha, haja iko wapi? Na Mtume amewalaani wanaochonga mianya ya meno kwa ajili ya urembo. Basi kutengeneza kilichoharibika ni jambo moja, na kukigeuza kizima ili king'ae ni jambo jingine.

Wala usihofu juu ya josho. Kofia iliyogandishwa haivuliwi, na kwetu sisi Mashafii kusukutua ni suna.

Ni kweli kofia hugharimu zaidi ya kung'oa, na kijana yule alisita kwa hilo. Lakini pengo nalo lina gharama: meno jirani huinama, la upande wa pili hushuka au hupanda, na kutafuna kukaharibika. Alilipa, na leo anatafunia upande ule ule.

Ndugu yangu, viungo hivi ni amana. Tazama kinywa chako na cha wanao kabla ya maumivu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wabillahi tawfiq.