Duka la Mpakani na Seva ya Mbali

Kabla ya 2021, biashara nzima ya duka la jumla nililolihudumia mjini Gisenyi, Rwanda, ilikaa ndani ya kompyuta moja chini ya kaunta: bidhaa, madeni, majina ya akina mama waliovuka mpaka wa Petite Barrière kuja kuchukua unga na mafuta ya kupeleka Goma, upande wa Kongo. Programu niliiandika mimi.

Tarehe 22 Mei 2021 mlima wa volkano wa Nyiragongo ulilipuka. Lava ilishuka upande wa Goma, lakini matetemeko ya siku zilizofuata yalipasua nyumba na barabara huku kwetu, wilayani Rubavu. Mzee mwenye duka aliifunga kompyuta ile, seva yetu, kwa blanketi, akaipakia garini.

"Mwanangu," akaniambia, "hesabu za watu zitafutie mahali pasipotikisika."

Tukakodi nafasi kwenye wingu, yaani seva za mbali zinazofikiwa kwa intaneti, mitambo yake ikiwa Cape Town. Kunakili programu hakukutosha. Ankara ya bidhaa sitini iliuliza hifadhidata swali kwa kila mstari. Seva ilipokuwa dukani, hakuna aliyeona tatizo. Sasa kila swali lilisafiri hadi Afrika Kusini na kurudi, na mteja alisimama akingoja. Ikabidi maswali yote yafungwe pamoja yaende safari moja.

Oktoba mwaka huohuo ikatoka Sheria Na. 058/2021: taarifa binafsi zihifadhiwe Rwanda, labda uwe na cheti cha kuziweka nje. Niliipokea kwa furaha, maana deni la mtu ni siri yake. Majina, simu na madeni tukayaweka kwenye seva Kigali. Idadi ya bidhaa na jumla za mauzo zikabaki Cape Town.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kuhakikisha kaunta haisimami mtandao ukikatika. Kila mauzo yanaandikwa kwanza palepale dukani na kupewa namba yake, kisha yanatumwa mtandao ukipatikana. Yakitumwa mara mbili, namba ileile huzuia yasihesabiwe tena. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ya Afrika Mashariki kuzorota, duka liliendelea kuuza.

Bili ya wingu huja kwa dola, nasi tunauza kwa faranga. Kwa hiyo si kila kitu kinastahili kupelekwa huko. Wenzangu mnaowahudumia wafanyabiashara wa mipakani, kabla ya kuhamisha chochote, chomoeni waya wa intaneti mchana wa soko, mkaone ni kazi gani haiwezi kungoja. Hiyo iacheni dukani.