Hesabu Moja, Simu Mbili

Kwa miaka mingi niliandika kila programu ya simu mara mbili: Kotlin kwa Android, Swift kwa iPhone. Kilichonibadilisha ni programu ya kikoba cha akina mama wanaoweka akiba, wanaokopeshana na kugawana faida mwisho wa mwaka.

Mweka hazina wao alinipigia simu. "Mwanangu, kwangu inasoma 2,500, kwa katibu 2,501. Tushike ipi?"

Faida yenyewe ilikuwa 2,500.5. Namba ikiangukia katikati kabisa, round ya Kotlin huipeleka kwenye namba shufwa iliyo jirani, ilhali rounded ya Swift huisogeza mbali na sifuri. Kila lugha ilifuata kanuni yake barabara. Lakini kwenye kikoba, shilingi moja isiyo na maelezo inatosha kuzua maneno, na maneno huvunja vikundi.

Ndipo nikahamia lugha ya Go. Hesabu zote niliziandika mara moja, kwa senti zilizo namba kamili, pamoja na kanuni moja ya kukata nusu ambayo kikundi chenyewe kiliikubali. Amri ya gomobile bind ikanitolea maktaba mbili kutoka msimbo uleule: .aar ya Android na .xcframework ya iPhone. Vipande vya kuunganisha Go na Java au Objective-C inaviandika yenyewe. Aliyewahi kuandika JNI kwa mkono anajua ni mzigo gani huo uliotuliwa.

Kazi kubwa sasa iko mpakani, Go inapokutana na Kotlin au Swift. Namba, maandishi na baiti huvuka bila shida. Orodha ya miamala haivuki. Kwa hiyo naifunga kama JSON, inapita kama baiti, inafunguliwa upande wa pili. Go ikirudisha error, Kotlin huipokea kama exception, na Swift huikamata kwa catch. Ninachokichunga zaidi ni kumbukumbu ya simu: kitu cha Go kikishikilia cha Kotlin, nacho cha Kotlin kikashikilia kilekile cha Go, vyote viwili hubaki humo, havifagiliwi. Ndiyo maana upande wa Go naupa maswali, unanijibu, basi. Siukabidhi kitu cha kukaa nacho.

Skrini, kamera na arifa nimeziachia Kotlin na Swift, na sioni sababu ya kuzihamisha. Mtumiaji anataka vitufe alivyovizoea kwenye simu yake.

Wala si kila programu naipelekea Go. Maktaba yake huongeza megabaiti kadhaa, na watu ninaowaandikia wengi hupakua kwa bando la siku. Kama hesabu ni ya kujumlisha tu, naiandika mara mbili, naijaribu pande zote mbili kwa namba zilezile, nawaachia bando lao.