Lushoto, droni yangu na amana ya mdogo wangu



Wengi mmeniuliza mbona nimekuwa kimya tangu nirudi Lushoto, na ziko wapi picha za milima nilizoahidi. Leo sina picha. Leo nasimulia aibu yangu, na nimeruhusiwa kuisimulia na mwenyewe anayehusika, kwa sharti kwamba nisitaje jina la mtu yeyote wa nyumbani kwetu. Basi sitalitaja.

Wanaonijua wanajua kwamba nina droni. Ndege nyuki, kama wengine wanavyoiita. Hamu hii niliipata mwaka 2016, ulipoanza mradi wa kupiga picha Unguja na Pemba yote kutoka angani ili kutengeneza ramani mpya. Kamisheni ya Ardhi ilikuwemo, na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, walikuwemo. Ndege zao zilikuwa kama bawa moja la sponji, zikirushwa kwa mkono na kurudi kutua kwa tumbo uwanjani. Miongoni mwa waliozirusha walikuwemo wasichana wenye mitandio yao. Nikasema, kumbe! Ilinichukua miaka, lakini pesa za upatu ziliponifikia wenzangu walinunua makabati na mimi nikanunua droni ndogo ya mapanga manne. Mama yangu alicheka mpaka akakaa chini. Kibali ninacho, na wewe ukinunua usiirushe bila kibali. Ndege hizi zinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, hata iwe ndogo kama sahani.

Sasa tuje kwenye harusi.

Mdogo wangu aliolewa mwezi wa saba. Shughuli ya wanawake tuliifanya nyumbani, uani, milango imefungwa, na simu zikakusanywa mlangoni kwenye kapu. Mnajua wenyewe jinsi wanawake wanavyokuwa wakijua hakuna jicho la mwanamme. Nywele wazi, magauni ya mikono mifupi, ngoma, vicheko. Bibi yetu, ambaye sijapata kumuona bila ya kitambaa kichwani mbele ya mtu yeyote asiyekuwa wa ndani, alisimama akacheza, nywele zake nyeupe zimefunguliwa. Kamera ilikuwa moja tu, yangu. Bibi harusi alitangaza mwenyewe kwenye kipaza sauti: "Dada yangu ndiye anayepiga, na picha zitabaki kwangu." Wageni walitulia kwa neno lile.

Nilikuwa nihamishe picha zile kwenye kompyuta usiku uleule. Nikachoka. Kesho yake kulikuwa na wageni wa kuagwa na masufuria ya watu ya kurudishwa. Siku ya tatu mimi na mume wangu tukapanda boti kwenda Dar es Salaam, na alfajiri iliyofuata basi la Lushoto. Katika kufungasha niliona memori kadi ya droni imejaa, nikaitoa, nikatia ile ya kamera. Ni kitu kidogo kama ukucha. Sikufikiri hata dakika moja.

Msiofika Lushoto, niwaambie kidogo. Basi linaacha barabara kuu pale Mombo, kwenye joto na vumbi, kisha linaanza kupanda milima ya Usambara kwa kona ambazo hazimalizi. Unapita Soni, masikio yanaziba, na ukishuka mjini unakuta watu wamevaa masweta. Ni mita 1,400 hivi juu ya bahari. Mwezi wa saba ni baridi ya kweli, si ile yetu ya kusema baridi kwa sababu ya upepo wa kusi. Bibi harusi unayefikiria fungate ya milimani, chukua soksi na fulana nzito ya kuvaa ndani ya buibui. Hapo hutonishukuru mimi tu. Misikiti imejaa kila kilima, Wasambaa wengi ni Waislamu, na asubuhi unasikia adhana zikijibizana kutoka bonde moja hadi jingine.

Siku ya pili, baada ya Alasiri, tulikwenda upande wa Irente. Hapo mlima unakatika ghafla na chini yake kabisa unaona nyanda za Mazinde na Mombo ulikotoka. Sikuthubutu kurusha upande wa gema, upepo ulikuwa unapanda kwa nguvu. Nikageukia bonde la ndani, lenye migomba na matuta ya kabichi, nikaona hapa ni salama.

Kosa langu la kwanza ni hesabu ya upepo. Droni ilipokwenda, upepo uliisukuma, ikafika mbali bila ya kutumia betri nyingi. Nilipoiita irudi, upepo uleule ukawa unaizuia. Niliona kwenye rimoti mita za umbali zinapungua kwa kujikokota huku asilimia za betri zikianguka mbili mbili. Na baridi nayo hudhoofisha betri. Ilipofika pale ambapo haina nguvu tena, ikafanya ilivyofundishwa kufanya: ikaanza kujitua yenyewe hapohapo ilipo, utake usitake. Kwenye kioo niliona migomba, bati la nyumba lenye kutu, kitu cha kijani, kisha picha ikaganda. Kilima kilikuwa kimeshaingia kati.

Mume wangu akasema, "Alhamdulillah, ni mashine tu, haikumuangukia mtu." Nikajibu ndiyo. Kisha nikakumbuka kadi.

Shoga zangu, miguu yangu iliisha nguvu. Simu yoyote ya kawaida yenye tundu la kadi ingeifungua. Mtoto wa skuli angeweza. Wanawake arubaini na kitu, bibi yangu akiwa mmoja wao, na kila mmoja alikuwa ameacha simu yake mlangoni kwa neno la dada mtu.

Tuliteremka bondeni kutafuta mpaka Magharibi ikaingia, hatukuona kitu. Usiku, chumbani, mume wangu alinishauri nisimwambie mdogo wangu bado. "Hana hata wiki katika ndoa. Tuitafute kwanza. Tukiipata, halijatokea kitu." Ushauri ule ulikuwa mtamu, na nilikaa nao kama saa nzima nikijifanya natafakari. Lakini nilijua kwamba kila saa ninayonyamaza, nakuwa nimeifanya siri ya watu wengine kuwa siri yangu. Nikapiga.

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kitu cha kwanza alichouliza ni, "Bibi yumo?" Nikamwambia yumo. Akasema, "Mimi mwenyewe sijali sana, dada. Naogopa kwa waliokuja kwa sababu yangu." Hakunitukana. Bora angenitukana. Tukakubaliana tungoje siku mbili kabla ya kuwaeleza wenyewe, na kwamba ikibidi kuwaeleza, nitapita nyumba kwa nyumba mimi, si yeye.

Usiku ule sikulala, nikafanya kazi niliyotakiwa kuifanya jioni badala ya kukimbilia bondeni kama kuku. Programu ya droni huandika safari nzima kwenye simu, na hubakisha nukta ya mahali pa mwisho ilipopata satelaiti. Huhifadhi pia video hafifu ya kile ulichokuwa ukikiona. Nukta ilikuwa kama mita 600 kutoka niliposimama. Na kulikuwa na tarakimu moja ambayo sikuitilia maanani: kimo kilikuwa -58. Kimo kile hupimwa kutoka mahali uliporushia, kwa hiyo ilitua mita 58 chini yetu. Jioni tulikuwa tumetafuta mahali sahihi kwenye ramani, lakini juu mno mlimani. Ramani ni bapa, Usambara si bapa. Hatua thelathini za pembeni kule ni ghorofa kumi za kwenda chini.

Nikairudia ile video ya mwisho, picha moja moja. Bati lenye kutu. Mgomba uliovunjika. Ngazi ya mti imeegemezwa ukutani.

Asubuhi kijana wa nyumba tuliyofikia alitupeleka, na njiani akanifundisha kusema "onga makeo" kwa kila mtu mzima tunayepishana naye. Kabla ya kuingia kwenye mashamba alitupitisha kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji. Jambo hilo jana hatukulifanya, tuliingia tu. Mashamba yale yamepangwa kwa matuta kwenye miteremko, na mguu wa mgeni unabomoa tuta la mtu. Tuliliona bati. Tukaiona ngazi. Nukta kwenye simu ikasema tumesimama juu yake. Mbele yetu kulikuwa na mstari wa maharage yaliyolazwa chini, upana wa sahani, na hapana droni.

Yaani imeokotwa. Nilikaa juu ya jiwe nikalia, nakiri.

Mwenyekiti akasema twendeni msikitini. Baada ya swala ya Adhuhuri imamu alitangaza kwa kipaza sauti, Kiswahili kisha Kisambaa, kwamba mgeni amepotelewa na chombo na aliyekiokota akifikishe kwa mwenyekiti. Hakusema ni chombo gani. Mume wangu alifikiri amesahau. Hakusahau.

Haikupita saa, akaja mtoto kutuita. Tukaingia uani kwa mama mmoja mtu mzima, amejifunga kanga mbili na sweta la kiume. Hakutuonesha kitu. Alinikalisha kigoda, akanipa chai ya tangawizi, kisha akaanza kuniuliza. "Chombo chako kina rangi gani, mwanangu? Kina miguu? Kina alama?" Nikamwambia ni cha kijivu, mikono minne, na chini ya tumbo nimebandika karatasi nyekundu ndogo yenye herufi mbili. Akauliza herufi gani. Nikazitaja. Baadaye ndipo nilipokumbuka darsa zetu za utotoni kuhusu luqata, kitu cha kuokota: kwamba Mtume (s.a.w.) alielekeza muokotaji ajue chombo kilivyo na kamba kilichofungiwa, kisha atangaze mwaka mzima. Mimi nililisoma kwenye kitabu. Yule mama alikuwa akilifanya uani kwake, baina ya kuku na majiko.

Aliingia ndani akatoka na kapu. Ndani ya kapu, kanga. Ameizungushia mara tatu.

"Watoto walisema bomu," akaniambia. "Wengine wakasema ni uchawi. Mimi nikakitazama nikaona kina jicho. Nikasema hiki kinatazama watu, na humu ndani nina mabinti. Nikakifunika."

Panga moja lilikuwa limevunjika. Kifuniko cha kadi hakikuguswa. Niliitoa kwa mikono inayotetemeka, nikaifunga kwenye pindo la leso yangu, na nikampigia mdogo wangu palepale uani. Safari hii alilia yeye.

Yule mama alikataa pesa katakata. Nilimlipa maharage yake tu, na hata hayo mpaka mwenyekiti alipomwambia ni haki yake. Kitu alichokitaka kilinishangaza: alitaka kuona hilo jicho linaona nini. Nilikuwa na panga la akiba na betri ya pili. Nikatia kadi nyingine, tupu, nikamuonesha kwamba ni tupu, nikairusha juu ya uwanja wake mwenyewe, chini chini, huku ameshika simu yangu kwa mikono miwili. Alitazama nyumba yake kutoka juu kwa muda, kimya.

"Kumbe bati langu limeoza kiasi hiki," akasema. Kisha akawaita mabinti zake waje waone.

Kadi nilimkabidhi mdogo wangu mkononi, siku niliyoteremka kwenye boti, kabla hata ya kwenda kwangu. Alifunga mlango tukaitazama sote wawili, akahamisha alichotaka, kingine akakifuta. Mwezi uliofuata palikuwa na harusi ya mtoto wa shangazi yetu. Hakuna aliyenisema. Ila mlangoni lile kapu lilikuja mbele yangu kama kwa wengine wote, nikatia simu, na kamera akapewa mwengine.

Bibi yetu tulimueleza sote wawili, siku ya Ijumaa, mimi nimeshajitayarisha kwa maneno makali. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza yule mama wa Lushoto ana umri gani, na kanga aliyoifungia ilikuwa nzima au kuukuu. Nikamwambia ilikuwa nzuri, ya kutokea. Akatikisa kichwa. Kisha akauliza kama kile kipande chake cha kucheza kimefutwa.

Mdogo wangu akasema hakijafutwa, akimtaka atakifuta sasa hivi.

"Funga mlango kwanza," bibi akasema. "Nione."