Kuaga ni Siku Moja, Kukabidhi ni Kazi ya Mwaka Mzima

Katika shule za bweni za wavulana, na hasa zile zilizo chini ya misheni, ni sherehe chache zinazotayarishwa kwa bidii kama ile ya kumuaga mkuu wa shule anayehamishwa. Misa ya shukrani husomwa, kwaya huimba, kiranja mkuu husoma risala, bodi ya shule hutoa zawadi, na wazee wa kijiji huleta mbuzi. Mambo hayo ni mema, wala sina nia ya kuyabeza. Mtu aliyelea watoto wa watu kwa miaka sita au minane anastahili kushukuriwa hadharani. Nia yangu katika makala haya ni kuwauliza walimu wenzangu swali moja tu: viti vikisharudishwa bwaloni, na mkuu mpya akishakalia kile kiti cha ofisini, mvulana wa Kidato cha Tatu amebakiwa na nini?

Swali hili limenikaa moyoni kwa sababu ya kazi yangu. Mkufunzi wa chuo cha ualimu hana budi kusafiri kila mwaka kwenda kukagua mazoezi ya kufundisha, na safari zangu nyingi hunipitisha Isaka, katika Halmashauri ya Msalala, Wilaya ya Kahama. Isaka ni mji mdogo uliozaliwa na reli. Njia ya kutoka Tabora kwenda Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, inapita hapo, na kwa miaka mingi mizigo iendayo Rwanda na Burundi imekuwa ikishushwa hapo kutoka katika mabehewa na kupakiwa katika malori. Katika kungoja usafiri nimejifunza jambo moja kwa watu wa reli. Katika njia ya reli moja, treni haiondoki stesheni kwa sababu tu saa imefika na abiria wamekwisha kupanda. Msimamizi wa stesheni humwuliza kwanza mwenzake wa stesheni ya mbele kama yuko tayari kuipokea. Huyo wa mbele asipokubali, treni husimama, hata kama abiria watanung'unika. Sisi walimu mara nyingi tunafanya kinyume. Tunapiga filimbi, tunapunga mikono, tunafuta machozi, wala hatuulizi kama mbele kuna mtu wa kupokea.

Nitaeleza niliyoyaona katika shule moja ya wavulana ya misheni, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa lengo langu si kuisema. Katika mwaka mmoja waliondoka hapo watu watatu. Wa kwanza alikuwa mkuu wa shule, padre, aliyehamishwa na wakubwa wake. Wa pili alikuwa mwalimu wa Hisabati, mlei, aliyepata ajira ya Serikali katikati ya muhula, jambo ambalo shule zisizo za Serikali zinalifahamu vizuri. Wa tatu alikuwa mpishi mkuu, aliyefikia umri wa kupumzika. Mkuu wa shule aliagwa kwa muda wa siku mbili. Mwalimu wa Hisabati aliagwa katika chumba cha walimu, kwa soda na maneno machache. Mpishi aliondoka alfajiri kwa basi la Kahama, na wavulana walitambua kwamba hayupo pale walipoonja uji.

Mwanachuo wangu alipewa lile darasa la Hisabati, Kidato cha Tatu. Alitafuta azimio la kazi, hakulipata. Alifungua shajara ya somo, akakuta imeishia mwezi Mei. Akawauliza wanafunzi walikofikia. Wengine walisema wameishia kwenye mada ya duara. Wengine wakaapa kwamba duara hawajaigusa kamwe. Mwanachuo yule alitumia wiki mbili za mazoezi yake kutoa majaribio mafupi mafupi ili kupata jibu ambalo mistari minne ya shajara ingempa kwa dakika moja. Wiki mbili za mwanachuo zinaweza kusamehewa. Wiki mbili za wavulana arobaini na wanane wanaoelekea mtihani wa taifa ni hasara ambayo hakuna bohari inayoirudisha.

Kwa upande wa mkuu mpya mambo yalikuwa magumu zaidi, ingawa hapakuwa na mtu mwenye nia mbaya. Mkuu aliyeondoka alikuwa ameanzisha masomo ya jioni kwa wavulana wa Kidato cha Kwanza waliotoka katika shule za msingi za vijijini. Wavulana hao walisoma miaka yote saba kwa Kiswahili, na sasa walitakiwa kusoma Fizikia, Jiografia na mengineyo kwa Kiingereza. Kila usiku, kwa saa moja, mwalimu mmoja aliwasaidia kusoma kwa sauti na kuandika sentensi. Mkuu mpya alipokagua hesabu za shule aliona gharama ya umeme wa madarasa mawili na posho ya mwalimu mmoja. Sababu ya gharama hiyo hakuiona, kwa maana haikuandikwa mahali popote. Akayafuta masomo hayo katika wiki yake ya pili. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Lakini mgeni atajuaje kwamba huu ndio mbachao, ikiwa wenyeji wote wako kimya? Masomo yalirudishwa muhula uliofuata, baada ya mtihani kusema yale ambayo risala haikuyasema.

Nchi yetu ina mfano mkubwa wa mwalimu aliyeondoka katika shule ya misheni, nami huutumia darasani kila ninapofundisha wajibu wa mwalimu. Julius Nyerere alipotoka Makerere alichagua kufundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, iliyokuwa ya Mapadre Weupe, chini ya Padre Richard Walsh. Reli hii hii inayopita Isaka ndiyo iliyounganisha Kanda ya Ziwa na shule za Tabora. Mwaka 1949 aliondoka kwenda Edinburgh kusoma, na Padre Walsh alikuwa miongoni mwa waliomsaidia kuipata nafasi hiyo. Huko ndiko kuagana kwa aina ya kwanza: mkuu wa shule anamfungulia njia mwalimu wake, ijapokuwa shule itampungukia.

Aliporudi alifundisha Pugu, katika Chuo cha Mtakatifu Fransis, kiasi cha kilometa 20 kutoka katikati ya Dar es Salaam. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa, naye akawa rais wake. Mwezi Machi 1955 alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York. Aliporejea ilimlazimu achague kati ya ualimu na siasa, na mwezi huo huo akajiuzulu kazi ya ualimu. Akarudi nyumbani Butiama, na katika miezi iliyofuata akamfundisha padre mmoja wa Maryknoll lugha ya Kizanaki. Yaani, darasa aliliacha, lakini kufundisha hakukuacha. Jina la Mwalimu alikwenda nalo mpaka alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999.

Wanachuo hupenda sehemu ya ushujaa katika habari hiyo. Mimi huwataka waitazame pia kwa macho ya mvulana wa Pugu aliyebaki na daftari lake juu ya dawati. Hata mwalimu anapoondoka kwa sababu tukufu kuliko zote, darasa lake linahitaji mwalimu mwingine, na huyo mwingine anahitaji kujua pa kuanzia. Kuondoka hakutoi taarifa sikuzote. Tena mtu huyo huyo, miaka thelathini baadaye, alituonyesha kuondoka kwa namna nyingine. Mwezi Novemba 1985 alimkabidhi Ali Hassan Mwinyi uongozi wa nchi kwa utaratibu uliopangwa na kujulikana mapema, na wananchi walijua nani anaondoka, nani anaingia, na lini. Kuondoka kwa kwanza kulimjia. Kwa pili alikutayarisha. Mwalimu mwenye busara hufanya kazi kila siku kama mtu atakayeondoka kwa namna ile ya kwanza, ili ajaliwe kuondoka kwa namna hii ya pili.

Kuna makabidhiano mengine makubwa ambayo shule zetu ziliyapitia. Kufuatana na Sheria ya Elimu ya 1969, shule nyingi za misheni zilichukuliwa na Serikali. Shule ya Mtakatifu Maria ya Tabora ikawa Milambo, na Mtakatifu Fransis ikawa Shule ya Sekondari Pugu. Wenye shule walibadilika na majina yalibadilika. Lakini mvulana aliyekuwa Kidato cha Pili aliendelea kuwa Kidato cha Pili, na mada aliyoiacha nusu ilikuwa bado nusu. Hilo ndilo fundisho ninaloliona hapo. Shule inaweza kubadili mwenyewe, mkuu, na hata jina lililoandikwa langoni, na bado ikabaki shule, mradi uzi wa masomo ya mtoto haukukatwa.

Basi tufanyeje? Napendekeza mambo matatu, ambayo hayahitaji fedha.

Kwanza, kitabu cha kumbukumbu za shule kiandikwe sababu pamoja na uamuzi. Vitabu vingi nilivyovisoma vinasema kwamba siku fulani ratiba ilibadilishwa, au bweni fulani lilipewa mlezi mpya. Havisemi kwa nini. Jengo halihitaji kuelezwa, kwa kuwa mkuu mpya atalikuta limesimama. Sababu haisimami popote isipoandikwa. Mkuu anayekuja ana haki ya kubadili, lakini abadili akijua anachokibadili.

Pili, anayeondoka na anayeingia wakae pamoja shuleni walau wiki moja. Hati ya makabidhiano yenye orodha ya vitanda, vitabu, funguo na salio la benki ni ya lazima, lakini inaweza kusainiwa kwa asubuhi moja. Siku zinazobaki ziwe za kutembea: mstarini asubuhi, madarasani, jikoni, na bwenini usiku, saa ambayo mkuu wa zamani anaweza kumnong'oneza mwenzake kwamba mvulana yule wa kitanda cha pembeni alifiwa na baba mwezi uliopita. Najua kwamba mapadre na watawa huhamishwa kwa utii, na barua ya uhamisho ina tarehe zake. Hata hivyo bodi za shule zinaweza kuwaomba wakubwa hao kwa heshima kwamba uhamisho uangukie likizo, usiangukie katikati ya muhula.

Tatu, risala ziwe za kweli, na kuaga kuwe kwa wote. Risala nyingi nilizozisikia zinafanana kiasi kwamba ungeweza kubadilisha jina la mkuu na usitambuliwe. Risala nzuri itaje kazi moja iliyofanywa, jinsi ilivyofanywa, na kazi moja iliyobaki. Hiyo ya mwisho si aibu kwa anayeondoka, bali ni njia ya kumfungulia mlango anayeingia. Na pale tunapomwaga padre kwa siku mbili na kumwacha mpishi apande basi peke yake gizani, tumewafundisha wavulana somo ambalo halimo katika muhtasari wowote: kwamba kuna watu wa kushukuriwa na watu wa kutumiwa. Shule ya Kikristo, na shule yoyote, haipaswi kufundisha hivyo.

Katika chuo chetu nimeanza zoezi dogo. Kila mwanachuo anapomaliza mazoezi ya kufundisha huandika, pamoja na kukamilisha shajara, barua ya ukurasa mmoja kwa mwalimu atakayelichukua darasa lile. Hapaswi kumsifu mtu wala kujisifu. Anaandika darasa limefika wapi, njia ipi ya kufundisha iliwafaa na ipi haikuwafaa, na wanafunzi gani wanahitaji kuangaliwa. Mwanzoni wengi huandika maneno matupu, kwamba darasa ni zuri na lina ushirikiano. Nawarudishia waandike tena.

Barua moja niliipenda kuliko nyingine zote. Mwanachuo aliandika kwamba kijana mmoja, anayekaa mstari wa nne karibu na dirisha, haoni vizuri ubaoni, lakini hujifanya anaona kwa sababu anaogopa kuchekwa. Akashauri: usimwulize mbele ya wenzake, badili mpangilio wa viti vya darasa zima, naye umweke mbele kana kwamba imetokea tu. Mwalimu aliyeipokea barua ile alifanya hivyo Jumatatu ya kwanza. Nilipokwenda shuleni hapo muhula uliofuata, kijana alikuwa mstari wa kwanza, anaandika, na hakuna aliyejua kwamba amehamishwa kwa ajili yake.

Naomba wakufunzi wa vyuo vingine walijaribu zoezi hili na kutuandikia katika kurasa hizi matokeo yake. Walimu wakizoea kukabidhi darasa moja wangali vijana, siku watakapokuwa wakuu wa shule hawatashindwa kukabidhi shule nzima.