Kushindwa Mara Moja

Vichaka vya Itigi, katika Mkoa wa Singida, hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Mgeni apitaye kwa garimoshi hudhani vimekufa. Mwenyeji hungoja mvua za Novemba, kwa kuwa ajua kupukutika si kufa.

Katika mwezi kama huo, mwaka 2024, wanawake wanane waliokuwa miongoni mwa walio bora katika tenisi walikusanyika Riyadh kuufunga msimu. Mashindano hayo yana kanuni yenye huruma. Kwingine ashindwaye hufunga mzigo akaenda zake. Hapa wachezaji hugawanywa makundi mawili, na kila mmoja hupambana na wenzake watatu kabla ya wawili wa kila kundi kuingia nusu fainali. Coco Gauff wa Marekani alishindwa na Barbora Krejčíková. Zheng Qinwen wa China alishindwa na Aryna Sabalenka. Hata hivyo, ndio hao wawili waliokutana katika fainali, na Gauff akatwaa taji kwa 3-6, 6-4, 7-6.

Huruma hiyo wamepewa walio juu. Wastahilio zaidi ni walio chini. Kwa miaka mingi msichana wa Tanzania aliyepata mimba shuleni alihesabiwa kuwa ameshindwa milele. Tangu Novemba 2021 ameruhusiwa kurudi darasani. Serikali imefungua mlango. Yabaki wazazi, walimu na majirani, wa Itigi na wa kwingineko, wasisimame kizingitini. Mti uliopukutika haukatwi kabla ya mvua.