Mshale wa joto ulitudanganya
Ile Land Rover Series III ya zamani ilitutia hofu. Mama mwenye uchungu yuko ndani, mshale wa joto umepanda mpaka kwenye nyekundu. Tukazima, tukangoja dakika arobaini. Kufungua rejeta, maji yamejaa, wala hayakuchemka!

Kesho yake tulichomoa waya wa sensa pale kwenye silinda hedi, swichi iko on: mshale ukashuka. Tukaugusisha waya kwenye bodi mara moja tu: ukapanda. Basi geji nzima, sensa ndiyo imekufa. (Kama geji ya mafuta nayo ingezidisha, tungeshuku kirekebisha umeme.)

Mama alijifungua salama. Lakini zile dakika arobaini, jamani, zinatuuma bado.