Mji wa Geneva

Katika nchi ya Uswisi, karibu kabisa na mpaka wa Ufaransa, uko mji uitwao Geneva. Umejengwa penye ncha ya ziwa kubwa, mahali ambapo maji hutoka yakawa mto Rhone. Si mji mkubwa, wala si mji mkuu wa nchi yake. Walakini mataifa yakitaka kusemezana, huko ndiko yaendako. Maana tangu mwaka 1815 wakuu wa Ulaya waliwakubali Waswisi kuwa watu wasio na upande katika vita, na mgomvi aendaye kwao haendi nyumbani kwa rafiki wa adui yake.

Huko ndiko kilikoanzishwa chama cha Msalaba Mwekundu mwaka 1863, ili majeruhi wa vita watunzwe pasipo kuulizwa ni wa upande gani. Tena huko, mwaka 1920, Chama cha Mataifa kiliweka makao yake. Mataifa ya chama hicho yaliahidiana kulindana, mmoja wao akishambuliwa. Ilikuwa ahadi njema, lakini ilikuwa haijapimwa.

Uhabeshi uliingia katika chama mwaka 1923. Mwaka 1935 Waitalia, nao wanachama, waliushambulia. Mfalme Haile Selassie akapigana, akashindwa, akatoka katika nchi yake. Na tarehe 30 Juni 1936 akasimama mbele ya baraza huko Geneva. Waandishi wa magazeti wa Kiitalia wakampigia miluzi na kelele ili asisikiwe. Yeye akanyamaza, akangoja hata walipotolewa nje. Ndipo akasema kwa Kiamhara, lugha ya kwao, akaeleza jinsi ndege zilivyowanyunyizia watu wake sumu, na mifugo yao, na mito yao. Kisha akawauliza wakuu wale awapelekee watu wake jibu gani.

Jibu halikukawia. Mwezi wa Julai mataifa yakaacha hata kule kuwazuilia Waitalia biashara.

Mfalme alirudi kwake mwaka 1941, kwa nguvu za vita, si kwa neno la Geneva. Chama chenyewe kikavunjwa mwaka 1946. Jumba lake kubwa sasa ni la Umoja wa Mataifa, na mbele yake bendera za nchi zimepangwa safu mbili. Ya Uhabeshi, ambao siku hizi huitwa Ethiopia, imo; na ya Italia imo.